Gramu 21 na zile sekunde za robo ya nne

Kumi na tatu kwa kumi na tatu, robo ya nne, uwanja wetu wa netiboli wa mchanga nyuma ya madarasa, jua la saa kumi jioni bado linachoma shingo na mwanafunzi wangu wa GS, yaani mfungaji, ana mpira mkononi chini ya goli. Nikaangalia saa.

Nyeusi.

Yaani imezima kabisa, kioo cheusi tii kama sufuria ya mkaa, naona sura yangu mwenyewe humo na filimbi mdomoni. Nikabonyeza kitufe cha pembeni, ikaja ile picha ya betri nyekundu, ikakaa kidogo, ikaondoka zake. Na siku hiyo mi ndo nilikuwa mwenye filimbi na mi ndo mwenye muda, maana ilikuwa mechi ya kirafiki tu na jirani zetu wa ng'ambo ya barabara, hamna meza, hamna msimamizi, tumekubaliana robo za dakika kumi badala ya kumi na tano kwa sababu ya jua. Kwa hesabu yangu ya kichwani muda ulikuwa umeisha. Au unaisha. Au umebaki kidogo.

Mtoto akarusha. Mpira ukazunguka kwenye ringi, ukazunguka tena, ukaingia.

Nikapuliza.

Watoto wakanirukia. Mwalimu wa upande wa pili akaja taratibu, ni mtu mzima kuliko mimi, huwa namwamkia, amevaa shati lake la mikono mirefu kama kawaida yake hata jua liweje. Akaniuliza kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie, "Madam, saa yako inasemaje?"

Nikamwonyesha mkono. Akakiangalia kile kioo, akaniangalia mimi, akasema "haya", akageuka kwenda kukusanya bibu za watoto wake.

Ile "haya" nimekaa nayo wiki sita.

## Kilichonikera sio chaji

Kwa ambao hamkucheza netiboli shuleni: filimbi ya mwisho ikipulizwa kabla mpira haujapita wote kwenye ringi, goli hakuna. Hata kama ulikuwa hewani. Kwa hiyo sekunde mbili tatu pale zilikuwa ndo mechi yenyewe.

Na swali lililokuwa linaniamsha usiku sio kwamba saa ilizima, vitu vinazima, umeme unakatika, simu zinazima. Swali ni hili: nilichelewa kupuliza kwa sababu sikujua muda, au nilichelewa kwa sababu mwenye mpira alikuwa mtoto wangu?

Sijui. Nimejiuliza nikiwa kwenye daladala, nikiwa nafua, nikiwa nasahihisha madaftari. Kuna siku najibu hivi na kuna siku najibu vile.

Ndo nikaanza kutafuta saa nyingine. Najua sio jibu la swali, lakini mtu akishindwa kupata jibu la swali si anatafuta kitu cha kununua.

## Ile niliyokuwa nayo

Ilikuwa smatiwochi, sitaitaja, niliinunua kwa hela ya kikoba baada ya kuvunja mwaka na niliringa nayo kweli ofisi ya walimu. Inapima mapigo ya moyo, inahesabu hatua, simu ikiita inatetemeka mkononi. Nisiwe mchoyo wa shukrani, ile saa ndo iliyonionyesha kwamba nalala masaa matano tu kwa usiku, na tangu hapo najitahidi.

Lakini ilikuwa nzito. Hilo ndo sikuwa nimelifikiria dukani kwa sababu dukani unavaa dakika mbili. Jumapili alfajiri tunapotoka na kikundi chetu cha jogingi, wale mnaoishi Temeke mnatujua, tunapita na nyimbo zetu na mmeshatutukana sana kwa kuwaamsha, ile saa ilikuwa ikishaloa jasho inazunguka hadi inakaa upande wa ndani wa mkono, nairudisha, inazunguka. Nikikanda chapati naivua. Nikifua naivua. Nikilala inanibana naivua, na hapo hapo ndo inatakiwa ipime usingizi. Usiku naiweka kwenye chaji, umeme umekatika, asubuhi naondoka nayo ina robo ya chaji na matumaini.

Alafu zile hatua. Siku moja nimetoka Mbagala hadi Posta nimekaa siti ya nyuma kabisa ya daladala, barabara ile mnaijua, mkono wangu umeshika bomba, nashuka naambiwa nimetembea hatua elfu tatu hongera. Hongera ya nini sasa?

Nikagundua kwamba kwa siku naivua mara tano sita. Na kitu unachokivua mara tano kwa siku, siku moja utakiacha juu ya sinki la watu.

## Kariakoo, raundi ya kwanza

Nikaenda Kariakoo Jumamosi na mahitaji yangu matatu kichwani: iwe nyepesi nisiisikie, isitake chaji, na isinile mshahara. Vijana wa pale wakanisoma wakaona mwanamke, basi. "Sista karibu, za kike hizi hapa." Za dhahabu. Za vikuku. Za almasi za kioo zinazong'aa kama harusi ya Tanga. Nikamwambia, mdogo wangu, mi nataka ya kukimbilia na ya kuchezeshea netiboli, nataka stopuwochi. Akaniangalia. Akatoa ya waridi.

Mwisho nikaona kwenye kamba, zimening'inia kama vitunguu, zile saa nyeusi ndogo za mstatili ambazo kila mtu wa rika langu alishaiona mkononi mwa mvulana wa kidato cha kwanza. Casio F-91W. Shilingi elfu nane. Nikaichukua bila hata kubishana bei, nikajiona mjanja.

Ilikaa siku kumi na moja. Ikaja mvua moja ya kawaida tu, nimetoka nayo shuleni hadi kituoni, jioni kioo kina ukungu kwa ndani, kesho yake tarakimu zimeanza kukatika vipande, ya nane inaonekana kama tatu. Mvua yenyewe wala haikuwa ya masika.

Nikarudi Kariakoo, lakini safari hii sikwenda kwa vijana wa kamba. Nilienda kwa fundi.

## Fundi na ile mizani

Anakaa kwenye kibaraza cha duka la sonara, meza yake ndogo ina kioo mbele, lenzi imebanwa jichoni, kishati cheupe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Imekufa?"

Alijua hata kabla sijaitoa kwenye pochi. Akaipokea, akaigeuza, akacheka kwa pua. Akatoa nyingine yenye jina hilo hilo kutoka kwenye droo, akabonyeza kitufe cha kulia akakishikilia. Moja, mbili, tatu. Tarakimu zote zikafutika, kikatokea neno CASIo. Akabonyeza yangu vile vile. Ikageuza tu muda kutoka saa 24 kwenda saa 12, basi. "Ila wameshaanza kuigiza na hilo," akasema, "kwa hiyo usilitegemee peke yake." Akanigeuzia mgongo wa ile ya kwake nione kiboksi chenye namba 593, ndo namba ya mashine iliyomo ndani, maandishi yamechongwa yakatulia, skurubu nne kwenye kona nne. Yangu maandishi yake yalikuwa yameelea kama ya stika.

Pale pale akaja kijana na ya kwake, orijino, betri imeisha. Fundi akamuuliza ina muda gani, kijana akasema alipewa na kaka yake, na kaka yake hakumbuki alibadilisha lini. Hiyo saa kwa maelezo ya kiwandani betri yake inakaa miaka saba. Miaka saba! Mi ile yangu siku mbili ikizidi naishukuru.

Nikasogea niangalie. Akafungua zile skurubu nne, akanyanyua kifuniko, akatoa ringi ya mpira nyembamba kama uzi akaiweka juu ya kitambaa. Alafu kwa kibano akachomoa kitu ambacho mi nilidhani ni takataka, kaspringi kadogo kuliko chembe ya mchele. "Haka ndo sauti," akasema. Kumbe mlio wa ile saa unatoka kwenye kifuniko cha nyuma chenyewe, na kale kaspringi ndo kanapeleka umeme kutoka kwenye mashine hadi kwenye kifuniko. Fundi asiyejua akikapoteza saa inarudi inafanya kazi ila imekuwa bubu, na mwenye saa anadhani ndo uzee. Akaweka betri mpya, CR2016, zipo hadi kwenye maduka ya spea za redio, akarudisha ringi baada ya kuipaka mafuta kidogo, akafunga. Yote haikufika dakika kumi.

Nikamuuliza, hizi huwa zinakufa na nini?

"Mkanda," akasema. "Mashine haifi. Jasho na jua vinaukausha mkanda, unakatika hapa kwenye pini, mtu anaitupa saa nzima."

Akaniambia kitu ambacho sijakisoma popote: kabla hujauliza saa inafanya nini, uliza mkanda wake unapatikana wapi. Kama mkanda umeumbwa nayo, haupatikani Kariakoo, basi umenunua mkanda wenye saa. Mikanda ya ile ndogo nyeusi ilikuwa imejaa kwenye mfuko wa nailoni chini ya meza yake.

Alafu nikafanya kitu cha kitoto. Sonara alikuwa ameweka mizani yake pale mlangoni, ile ya kupimia pete. Nikamwomba. Nikaweka smatiwochi yangu: gramu 68. Nikaiondoa, nikaweka ile Casio ya droo.

21.

Sonara akauliza kama ninauza.

## Maji, na kishawishi cha kuongeza kidogo

Sikununua siku hiyo. Nilirudi nyumbani nikaanza ugonjwa ambao wengi mnaujua, wa kusema kwa nini nisiongeze kidogo nipate kubwa zaidi.

Maana ile saa ina mapungufu na hayajifichi. Mbele imeandikwa WATER RESIST bila namba yoyote, na saa ikiandikwa hivyo bila namba maana yake mvua, jasho, kunawa mikono, basi. Na hata zile zenye namba watu tunazisoma vibaya. Ukiona mita 30 usidhani unaweza kushuka nayo mita thelathini, hicho ni kipimo cha shinikizo maabara saa ikiwa imetulia, mkono unaopiga maji ni kitu kingine. Ya kuogelea anza na mita 50, na kama wewe ni mtu wa kujitupa baharini kila wikiendi pale Kigamboni tafuta ya mita 100, usibonyeze vitufe ukiwa ndani ya maji, na ukitoka uioshe chumvi. Casio wenyewe wanazo, W-800H na ile AE-1200 yenye karamani ka dunia, zote mita 100 na betri ya miaka kumi, na kwa mwanaume mwenye kifundo cha mkono kipana ningemwambia anunue mojawapo afunge mjadala.

Mi nilizijaribu. Mkononi kwangu zinakaa kama kopo la Kiwi.

Nikaenda hadi kwenye G-Shock, zile saa ngumu za Casio, na hapo nilipoteza karibu wiki nzima kwa sababu hadithi yake ni tamu. Kikuo Ibe, injinia wa Casio, saa aliyopewa na baba yake ilianguka ikavunjika, akajiwekea nadhiri ya kutengeneza isiyovunjika: ianguke mita kumi, ihimili shinikizo la maji la bar kumi, betri ikae miaka kumi. Alikuwa anazidondosha kutoka dirisha la choo ghorofa ya tatu. Zikavunjika kama mia mbili hivi, na alipokuwa amekata tamaa akamwona mtoto anadundisha mpira bustanini akawaza, kitu kikiwa katikati ya mpira hakisikii kishindo. Ya kwanza ikatoka 1983. Mi mwalimu wa michezo, hadithi ya mpira unaodunda lazima inishike.

Lakini nikajiuliza, mimi naanguka kutoka ghorofa ya ngapi?

Saa yangu inagongwa na nini hasa? Mlango wa daladala, nguzo ya goli, kichwa cha mtoto. Ile nyepesi ina faida ambayo hawaiandiki kwenye boksi, kwamba kitu cha gramu 21 hata kikianguka hakina uzito wa kujiumiza nao. Na bei ya G-Shock niliyoipenda ilikuwa mara nne ya nilichobeba.

## "Madam umerudi kidato cha kwanza?"

Nikanunua ile ndogo, orijino, elfu arobaini na tano, dukani kwenye risiti. Imebuniwa na Ryusuke Moriai, imetoka 1989, na mpaka leo inatengenezwa karibu vile vile.

Nilivyoingia nayo ofisi ya walimu walicheka. Sitadanganya kwamba haikuniuma. Ile smatiwochi ilikuwa inasema kitu kuhusu mimi, kwamba huyu dada yupo yupo, na nilikuwa nimeizoea hiyo sauti. Hii inasema nina miaka kumi na nne na nimetoka kununua rula. Siku ya kwanza nilishusha mkono wa sweta.

Lakini usiku ule nililala nayo bila kujua. Nimeamka iko mkononi. Nikaoga nayo, nikakanda nayo, nikakimbia nayo Jumapili, na kwenye zamu yangu ya kuongoza wimbo ndo nikakumbuka kwamba nimevaa saa. Taa yake ni aibu tupu, kamwanga ka kijani kutoka pembeni kanakoonyesha nusu ya kioo, saa kumi na moja alfajiri unakisogeza jichoni kama unasoma namba ya vocha. Na kalenda yake haijui mwaka mrefu, Februari kwake ni siku 28 tu, kwa hiyo tarehe 29 Februari 2028 itaniambia ni tarehe 1 na itabidi niirekebishe. Kwa hilo nimejiandaa.

Ikanikumbusha na shule ya bweni. Nusu ya wavulana walikuwa nazo, na kila saa kamili zinalia ti-tii, lakini hazilii pamoja, inaanza ya nyuma, inafuata ya dirishani, mwalimu ameacha kuongea anasubiri zimalizike, inakaribia dakika nzima. Tulidhani ni ubovu. Kumbe kila moja inaruhusiwa kukosea hadi sekunde 30 kwa mwezi, mbele au nyuma, na nani darasani alikuwa anarekebisha?

Stopuwochi yake inahesabu hadi dakika 59 na sekunde 59. Robo ya netiboli ni dakika 15. Imetosha na imebaki.

## Saa ya Kiswahili

Hapa nataka niwape utundu wangu, wasiopenda waruke.

Babu yangu wa Pangani alikuwa na saa ya mishale, na ukiiangalia saa moja asubuhi mshale mfupi uko kwenye moja. Sio saba ukageuze kichwani kama tunavyofanya sisi wote, moja. Nikiwa mdogo nilidhani saa ya babu ni mbovu.

Ratiba yetu ukutani imeandikwa 2:00 hadi 2:40, ya kwetu, na miaka yote nimekuwa naangalia 8:00 mkononi naisoma mbili. Nikasema hii ndogo naiweka Kiswahili. Mara ya kwanza nikaiweka saa moja asubuhi iwe 1:00 ya asubuhi, ikaenda vizuri, ila tarehe ikawa inageuka saa kumi na mbili alfajiri. Nikakaa nikafikiri. Nikaigeuza: mchana ndo uwe na PM, usiku usiwe nayo.

Basi tarehe sasa inageuka saa kumi na mbili jioni. Magharibi. Yaani ikiadhiniwa saa yangu imeshaingia siku ya kesho, kama wazee wa pwani wanavyohesabu, kwamba usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza Alhamisi jua likizama. Wajapani hawakukusudia hilo.

Mtu mwingine akiniangalia mkono saa nne asubuhi anakuta 4:00 PM. Wananihurumia.

## Marudiano

Wiki iliyopita tukaenda kwao. Nyumbani kwao, kwa hiyo filimbi yao na muda wao. Mi nikawasha stopuwochi yangu kimya kimya, sio kwa ajili ya kumkagua mzee wa watu, kwa ajili yangu.

Tulipigwa kumi na sita kwa kumi na moja. Safari hii sekunde hazikuwa na kazi yoyote.

Watoto wakaenda kunywa maji, sisi tukabaki chini ya mwembe. Akauona mkono wangu, akaushika kwenye kiganja kama daktari, akasoma 10:57 PM. Nikajiandaa kueleza.

"Hii iko Kiswahili," akasema.

"Ndiyo mwalimu."

Akatabasamu, akaniachia mkono. Nikaona nisiposema leo sisemi tena. Nikamwambia lile goli la siku ile, robo ya nne, linanisumbua, sijui kama lilikuwa ndani ya muda.

"Lilikuwa nje," akasema. "Sekunde kumi hivi."

Alafu akakunja mkono wa lile shati lake, mara moja, mara mbili. Ile ile. Ndogo nyeusi, imechakaa, maandishi ya kiooni karibu yamefutika yote, na mkanda umekatika pale kwenye pini kama alivyosema fundi, umeungwa kwa uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, umeshonwa vizuri kabisa.

"Kumbe ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

"Sasa mbona hukusema, mwalimu?"

"Filimbi ilikuwa yako, Madam."

Nikakosa la kusema. Yeye naye hakuongeza. Watoto wake walikuwa wanawafundisha wa kwangu wimbo wa kutufunga, na wa kwangu wajinga wanaitikia.

Ikalia ya kwake, ti-tii. Saa kumi na moja. Tukaangaliana, tukasubiri.

Ikalia ya kwangu.